Gia Zinazoruka: Kava ya Waya Iangaliwe Kabla ya Kununua Vipuri

Baiskeli ya gia inapoanza kuruka gia yenyewe, au inapokataa kushuka kwenye sproketi ndogo, wenye baiskeli wengi hufikiria mara moja kubadilisha cheni, sproketi au mkono mzima wa gia. Mara nyingi kosa liko kwenye kipuri cha bei ya chini kuliko vyote hivyo, nacho ni kava ya waya wa gia, yaani ule mpira mweusi unaopitisha waya kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma.

Kuitambua kava iliyoharibika humwokolea mwananchi pesa za vipuri asivyovihitaji. Lipo pia suala la usalama. Kava ya gia na kava ya breki hufanana kwa nje lakini zimetengenezwa tofauti ndani, na kuzichanganya kunaweza kumwacha mwendeshaji bila breki akiwa kwenye mteremko.

Makala haya yanaeleza jinsi kava inavyofanya kazi, dalili za kuharibika kwake, namna ya kuikagua nyumbani na mambo ya kuzingatia fundi anapoibadilisha.

Kwa nini suala hili linawahusu wakazi wa Kilifi

Baiskeli aina ya Black Mamba, ambazo kwa miaka mingi zimebeba maji, makuti na magunia katika kaunti hii, hazina gia na breki zake nyingi ni za vyuma virefu badala ya nyaya. Wanaozitumia hawana wasiwasi na kava ya gia. Lakini baiskeli za gia, nyingi zikiwa za mitumba zinazoingia nchini kupitia Bandari ya Mombasa, sasa zinaonekana kila mahali. Wanafunzi huzitumia kwenda shule, wachuuzi wa samaki na madafu huzibebea mizigo, na wafanyakazi huenda nazo kazini.

Baiskeli ya mtumba huja na kava ambayo tayari ina umri. Ikifika hapa hukutana na hali ngumu zaidi. Ukanda wa Mtwapa, Kilifi, Watamu hadi Malindi una hewa ya chumvi inayoharakisha kutu. Njia za Ganze na Magarini zina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na msimu wa masika tope na maji huingia kila penye upenyo. Jua kali nalo hukausha plastiki ya nje mpaka ikapasuka.

Kwa mtu anayebeba mzigo, gia inayoruka si usumbufu tu. Anapopanda mlima wa Kaloleni au Rabai akiwa amesimama juu ya pedali, cheni ikiruka ghafla mguu hukosa pa kukanyaga. Mwendeshaji hupoteza mizani, mzigo huegemea upande mmoja, na huenda akaangukia barabarani mbele ya magari.

Kava hufanya kazi gani

Wengi hudhani kava ni kinga ya waya tu dhidi ya maji na vumbi. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi yake ya kwanza ni kuhimili msukumo. Mwendeshaji anapobonyeza swichi ya gia, waya huvutwa. Ili mvuto huo ufike nyuma, lazima kava ibaki na urefu ule ule, ikijikaza dhidi ya swichi upande mmoja na dhidi ya fremu au mkono wa gia upande mwingine. Kava ikijibana na kufupika kwa milimita moja, ni sawa na waya kulegea kwa milimita moja.

Milimita moja inaonekana ndogo, lakini kwa gia ni kubwa. Tangu kampuni ya Shimano ya Japani ilipoleta mfumo wake wa gia za hatua mwaka 1984, swichi za baiskeli nyingi huvuta waya kwa kipimo maalumu kila zinapobonyezwa na kutoa mlio wa "tik". Katika mfumo wa kawaida wa Shimano wenye sproketi nane nyuma, kila hatua huvuta waya kwa takriban milimita 2.8. Kava iliyofupika kwa milimita moja imekula zaidi ya thuluthi moja ya hatua hiyo. Mkono wa gia, yaani kile chuma kinachoning'inia nyuma kikiwa na vigurudumu viwili vya meno, hausogei vya kutosha, na cheni hubaki ikisugua katikati ya sproketi mbili.

Ndiyo sababu kava ya gia imejengwa kwa nyaya nyembamba nyingi zilizonyooka, zinazokwenda sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyaya hizo zimezunguka mrija laini wa plastiki wa ndani, kisha zikafunikwa kwa plastiki ya nje. Mpangilio huo haufupiki kirahisi. Kava ya breki ya kawaida ni tofauti. Ndani yake mna bati jembamba lililosokotwa kama springi, ambalo hujibana kidogo lakini halipasuki hata likisukumwa kwa nguvu nyingi.

Namna kava inavyoharibika

Kuna njia tano kuu.

*Ncha kuchomoza.* Kwa kuwa nyaya za kava ya gia zimenyooka na zimeshikwa na plastiki tu, plastiki ikichoka nyaya huanza kusukumwa nje na kutoboa kikofia, yaani kile kifuniko kidogo kinachovishwa mwisho wa kava. Hili hutokea zaidi karibu na swichi, na kwenye kipande kifupi kilichojikunja kuingia kwenye mkono wa gia. Dalili yake ni gia zinazorekebishwa leo na kuharibika tena baada ya siku chache.

*Kutu na uchafu ndani.* Maji na vumbi huingia kupitia ncha, hasa kipande cha nyuma kilicho karibu na ardhi. Waya huanza kukwama. Katika baiskeli nyingi, mkono wa mwendeshaji ndio unaovuta cheni kwenda sproketi kubwa, na springi ndiyo inayoirudisha kwenye ndogo. Springi ina nguvu ndogo kuliko kidole gumba. Kwa hiyo waya ukikwama, gia huingia sproketi kubwa bila tatizo lakini huchelewa au hukataa kurudi kwenye ndogo.

*Kukunjika.* Baiskeli ikianguka, au ikifungwa juu ya matatu kwa kamba iliyobana kava, nyaya za ndani hukunjika na mrija hubonyea. Kava iliyokunjika pembe kali haiwezi kunyooshwa ikarudi ilivyokuwa.

*Urefu usiofaa.* Kava fupi mno hujivuta usukani unapogeuzwa, na gia hubadilika bila swichi kuguswa. Kava ndefu mno hujizungusha bure, huongeza msuguano na hunasa kwenye mizigo.

*Plastiki kupasuka.* Jua na umri huikausha plastiki ya nje. Nyufa zikionyesha nyaya, maji yameshapata njia, na nyaya zitaanza kutanuka kando.

Ukaguzi wa nyumbani

Ukaguzi ufuatao hauhitaji vifaa vingi na huchukua dakika chache.

1. Gurudumu la nyuma linyanyuliwe, pedali zizungushwe kwa mkono na cheni ipandishwe hadi sproketi kubwa kuliko zote.

2. Pedali zisimamishwe kabisa. Gurudumu likiwa limetulia, swichi ibonyezwe hatua zote hadi namba ya sproketi ndogo. Cheni haitasogea kwa sababu haizunguki, lakini waya utalegea.

3. Kwenye fremu nyingi, kava hukaa ndani ya vishikizo vyenye mwanya. Waya ukishalegea, kava huchomolewa kirahisi kutoka kwenye vishikizo hivyo.

4. Kila kipande cha kava kisukumwe huku na huku juu ya waya. Kikiwa kizima kitateleza kwa ulaini. Kikikwaruza kana kwamba kina mchanga, au kikikwama mahali fulani, kina kutu au kimekunjika.

5. Vikofia vivutwe na ncha za kava zitazamwe. Nyaya zote ziwe zimekatika sawa na ziwe usawa mmoja. Zikiwa zimetawanyika kama ufagio, au nyingine zimejitokeza, kava hiyo imekwisha.

6. Waya wenyewe utazamwe mahali unapoonekana, na hasa pale unapoingia kwenye swichi. Uzi mmoja uliokatika ni ishara kwamba mwingine utafuata. Waya uliochakaa ndani ya swichi huleta dalili zinazofanana na za kava mbovu.

Katika baiskeli ambazo kava yake haina mapengo kutoka mbele hadi nyuma, hatua ya tatu haiwezekani. Hapo nati inayobana waya kwenye mkono wa gia ilegezwe, kisha waya uvutwe taratibu pande zote mbili. Unapaswa kuteleza bila kukwama. Waya ukiwa umefunguliwa, mkono wa gia nao ujaribiwe kwa kusukumwa ndani na kuachiliwa. Ukirudi haraka, ni mzima na lawama iko kwenye kava au waya. Ukirudi polepole, viungio vyake vina uchafu na vinahitaji kusafishwa na kutiwa oili.

Wakati kosa si la kava

Kabla ya kununua chochote, mambo mawili zaidi yaangaliwe. Kwanza, mwenye baiskeli asimame nyuma yake na kutazama kama mkono wa gia umening'inia wima. Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia mara nyingi huwa na kishikio cha mkono wa gia kilichopinda kuelekea spoku. Hapo hakuna waya wala kava itakayosaidia mpaka kinyooshwe. Kupuuza hali hiyo ni hatari, kwani mkono ukiingia kwenye spoku gurudumu husimama ghafla.

Pili, cheni ipimwe kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja, inchi 12 za cheni mpya huishia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikipita alama ya inchi 12 kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imevutika na inafaa kubadilishwa. Cheni iliyochakaa huruka hasa mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu, hata gia zikiwa zimepangwa sawa.

Onyo: kava ya gia isifungwe kwenye breki

Hili ndilo jambo la kukumbukwa kuliko yote. Breki inapobanwa kwa nguvu, kava husukumwa kwa nguvu kubwa kuliko ya gia. Kava ya kawaida ya gia, ambayo nyaya zake zimeshikwa na plastiki tu, inaweza kupasuka kwa msukumo huo. Nyaya hutawanyika, kava hujikunja, na kishikio cha breki hufika kwenye usukani bila gurudumu kusimama. Hutokea wakati mwendeshaji amebana breki kwa nguvu zake zote, yaani wakati anapoihitaji zaidi.

Kosa la upande wa pili, kufunga kava ya breki kwenye gia, halihatarishi maisha lakini huharibu kazi. Kava hiyo hujibana kila swichi inapobonyezwa, na gia hazitapangika sawa hata fundi akirekebisha mara ngapi.

Njia ya uhakika ya kuzitofautisha ni kutazama ncha iliyokatwa. Kava ya gia huonyesha duara la vichwa vidogo vingi vya nyaya. Kava ya breki huonyesha bati moja lililozungushwa. Kwa kawaida kava ya gia ina unene wa milimita 4 na ya breki milimita 5, lakini unene pekee usitegemewe kwa kuwa kava za vipimo vingine zipo madukani. Waya wa ndani pia hutofautiana. Wa gia una unene wa takriban milimita 1.2 na wa breki takriban 1.5. Waya mwembamba wa gia usitumike kwenye breki kwa hali yoyote.

Kava inapobadilishwa

Mwenye baiskeli anayemtazama fundi akifanya kazi anaweza kujua kama kazi inafanywa ipasavyo kwa kuzingatia haya:

Kava ikatwe kwa kikata waya chenye makali. Plaisi butu au patasi huponda ncha na kufunga mrija wa ndani. Baada ya kukata, ncha isawazishwe kwa tupa, kisha mrija ufunguliwe kwa ncha ya msumari mwembamba au spoku iliyochongwa.

Kila ncha ivishwe kikofia kinachoitosha. Kazi iliyofanywa bila vikofia hairefuki.

Urefu upimwe usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho, kulia na kushoto, bila kava kuvutika. Kipande cha nyuma kiwe na mkunjo mpana. Kava ya zamani itumike kama kipimo ikiwa tu yenyewe ilikuwa na urefu sahihi.

Waya mpya ufungwe pamoja na kava mpya. Waya wenye kutu ukipitishwa kwenye kava mpya utakwaruza mrija wake.

Grisi nzito isijazwe ndani ya kava yenye mrija wa plastiki, kwani huganda na vumbi. Tone la oili nyepesi linatosha.

Baada ya nati kukazwa, waya uvutwe kwa mkono mara kadhaa ili kava ikae vizuri ndani ya vishikizo, kisha ulegevu uliojitokeza uondolewe. Hatua hii ikirukwa, gia zitapotea ndani ya siku chache hata kama kila kipuri ni kipya.

Mwisho, skrubu inayozungushwa kwa vidole pale kava inapoingia kwenye mkono wa gia au swichi itumike kumalizia. Cheni ikichelewa kupanda sproketi kubwa, skrubu izungushwe kuelekea nje ili kukaza waya. Ikichelewa kushuka kwenye ndogo, izungushwe kuelekea ndani. Nusu mzunguko hutosha kwa kila jaribio. Ncha ya waya ifungwe kikofia kidogo ili nyuzi zisifumuke na kuchoma vidole.

Kava ikiharibika njiani

Waya ukikatika au kava ikipasuka safarini, springi huipeleka cheni kwenye sproketi ndogo kuliko zote, ambayo ni nzito kwa mlima na mzigo. Kwenye mkono wa gia kuna skrubu mbili ndogo za kuweka mipaka. Ile yenye alama ya H ikizungushwa ndani huku pedali zikizungushwa, husukuma mkono kuelekea sproketi ya pili au ya tatu, ambayo ni nyepesi kidogo. Baiskeli itabaki na gia moja tu nyuma, lakini itafika nyumbani. Waya unaoning'inia ufungwe kando usije ukanaswa na spoku.

Ikiwa ni ncha tu iliyofumuka na kava bado ina urefu wa kutosha, sentimita moja inaweza kukatwa na kikofia kurudishwa. Hiyo ni tiba ya muda.

Kutunza na kununua

Baiskeli inayolala nje karibu na bahari iwekwe chini ya paa. Baada ya kupita kwenye tope au maji ya chumvi ioshwe kwa maji safi bila kuyaelekeza kwenye ncha za kava, kisha ikaushwe. Ukaguzi wa hatua sita ulioelezwa hapo juu ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika.

Dukani, mnunuzi aseme wazi kama anataka kava ya gia au ya breki, aombe kuonyeshwa ncha iliyokatwa, na adai risiti. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, pamoja na maelezo anayohitaji ili kunufaika nazo. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la biashara, ikiwemo kuhakikisha inaendeshwa kwa haki. Mkazi aliyeuziwa kava ya gia kwa matumizi ya breki aanze kwa kuirudisha kwa muuzaji. Asiposikizwa, apeleke malalamiko yake pamoja na risiti kwa ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu naye.

Kwa ufupi

- Gia inakataa kushuka kwenye sproketi ndogo: kava ina kutu, uchafu au imekunjika, au viungio vya mkono wa gia vimekwama.
- Gia inachelewa kupanda sproketi kubwa: waya umelegea, unakatika, au ncha ya kava inatoboa kikofia.
- Gia inapotea siku chache baada ya kurekebishwa: ncha za kava zimefumuka, au kava mpya haikuvutwa ikakaa.
- Gia inabadilika usukani ukigeuzwa: kava ni fupi.
- Gia haikubali kupangika licha ya kava mpya: kishikio cha mkono wa gia kimepinda, au iliyofungwa ni kava ya breki.
- Breki imefungwa kava ya gia: baiskeli isiendeshwe mpaka kava ibadilishwe.